Namba Tambulishi ya Kompyuta Mpakato: Mahali Ilipo, Namna ya Kuisoma, na Namna ya Kuihifadhi

Mtu anunuapo kompyuta mpakato, awe mwalimu wa sekondari, karani wa mwalo wa kuchenjulia dhahabu, mwenye duka la stesheneri au mwanafunzi aliyedunduliza posho yake chuoni, hupokea ndani ya ununuzi huo kitu kimoja ambacho hakukilipia peke yake na ambacho aghalabu hakitazami hata siku moja: namba iliyotiwa kiwandani katika mashine ile, ambayo mtengenezaji hakuipa mashine yake nyingine yoyote. Mafundi huiita seriali namba, na kwenye mashine yenyewe huandikwa kwa ufupi S/N. Sisi hapa tutaiita namba tambulishi, kwa kuwa kazi yake ni kuitambulisha mashine moja kati ya maelfu yaliyo sawa nayo kwa rangi, kwa umbo na kwa jina.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kumfikiria msomaji wa Segese, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, na wenzake wa ukanda wote wa dhahabu kutoka Kahama hata Geita. Maana katika nchi hii watu huhama kwa kufuata habari za madini, leo wakawa katika maduara ya hapa, kesho wakawa Kakola, kesho kutwa Nyarugusu au Lwamgasa, na mahali ambapo watu huhama upesi, mali ya kubebeka hubadili mikono upesi zaidi, mara nyingi bila stakabadhi na bila shahidi. Kwa hiyo namba hii inafaa itafutwe na kuandikwa wakati mashine ingali mikononi mwa mwenyewe, kwa sababu siku itakapohitajiwa sana ndiyo siku ambayo huenda mashine haipo.

Thamani ya namba hii mbele ya sheria

Wafugaji wa Usukuma wanaijua hoja hii tangu zamani kwa habari ya ng'ombe. Aliyeibiwa ng'ombe hutakiwa kumweleza kwa rangi, kwa pembe na kwa chapa, akiwa mbele ya wazee au mbele ya Sungusungu, lile jeshi la jadi lililochipuka katika sehemu hizi za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa mifugo; na Serikali, ilipotunga Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo mwaka 2010, iliutia nguvu ya dola ujuzi huo huo kwamba mali isiyo na alama ni vigumu kuirejesha kwa mwenyewe.

Mahakama nazo hufuata njia hiyo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshikilia katika hukumu zake, kwa habari ya mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa siku za karibuni, kwamba haitoshi mali kukutwa kwake, bali yapasa ithibitike kuwa ni mali ya mlalamikaji yule yule. Na mlalamikaji hutarajiwa kuitaja alama mahususi ya mali yake kabla hajaonyeshwa mali yenyewe. Sasa fikiri, ndugu msomaji, hali ya mtu anayesimama kizimbani na kusema kuwa kompyuta yake ilikuwa nyeusi, ya HP, yenye mkwaruzo karibu na kitufe cha kuwashia. Maneno yake yaweza kuwa kweli tupu, lakini kompyuta nyeusi za HP zenye mikwaruzo zimejaa kila mtaa. Illa yule aliyeiandika namba tambulishi tangu siku ya kununua huitaja herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, kisha mashine hupinduliwa mbele ya hakimu, na ithibati huwa bayana.

Wala mtu asidhani kwamba mtandao utamsaidia kama unavyosaidia kwa habari ya simu. Kila simu ya mkononi hujitaja kwa mtandao wake kwa namba ya IMEI, yenye tarakimu 15, ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliweza kuzifungia simu bandia katikati ya mwezi Juni 2016. Kompyuta mpakato isiyo na laini ya simu haijitaji kwa mtandao kwa namna hiyo. Basi mlinzi wa kwanza wa namba yake ni mwenye mashine mwenyewe.

Kuisoma kwenye mwili wa mashine

Izime mashine kabisa, uchomoe chaja, ufunge kiwambo, kisha uipindue juu ya kitambaa laini. Upande wa chini utaona ama karatasi iliyobandikwa ama maandishi yaliyochorwa kwenye chuma au plastiki yenyewe. Tafuta herufi S/N, au SN, au maneno Serial Number, na mfuatano wa herufi na tarakimu unaofuata ndio unaoutafuta. Maandishi yakiwa yamefunikwa na vumbi, yafute kwa kitambaa kikavu, wala usitumie spiriti au petroli, kwa sababu vimiminiko hivyo huondoa wino pamoja na uchafu. Yakiwa madogo kupita uwezo wa macho, yapige picha kwa simu huku mwanga ukiingia kwa upande, kisha uikuze picha hiyo.

Kila mtengenezaji ana desturi yake. Mashine za Dell hutumia namba fupi ya herufi na tarakimu 7 ambayo huandikwa Service Tag, nayo ndiyo namba tambulishi yake. Iliyo karibu nayo, yenye tarakimu tupu na ndefu zaidi, huitwa Express Service Code, na hiyo ni namba ile ile iliyogeuzwa kuwa tarakimu ili iweze kubonyezwa kwenye simu. Mashine za HP aghalabu huwa na herufi na tarakimu 10. Za Lenovo mara nyingi huwa na 8. Acer huandika mbili: ndefu yenye herufi na tarakimu 22, na fupi yenye tarakimu 11 au 12 iitwayo SNID, nazo zote mbili yafaa ziandikwe. Za Apple huchorwa kwa maandishi madogo sana kwenye chuma cha chini. Kwa miaka mingi zilikuwa na herufi na tarakimu 12, na tangu mwaka 2021 mashine mpya zimeanza kupewa 10.

Katika mashine za zamani ambazo betri yake hutolewa kwa mkono, na ambazo bado ni nyingi katika maduka ya vitu vilivyotumika, karatasi ya namba mara nyingine hufichwa chini ya betri. Sukuma vifungo viwili vya chini, utoe betri, utazame ndani ya nafasi yake. Lakini hapo uwe na hadhari, kwa sababu betri yenyewe ina namba yake, kadhalika chaja, kadhalika diski. Aliyeandika namba ya betri akidhani ameandika ya kompyuta ameandika alama ya kitu kinachoweza kubadilishwa kwa dakika moja.

Unapoinakili, jihadhari na maumbo yanayodanganya macho: sifuri na herufi O, moja na herufi I, tano na herufi S, nane na herufi B, mbili na herufi Z. Njia iliyo salama ni kuisoma nje, kisha kuisoma ndani ya mashine kama itakavyoelezwa sasa, na kuzilinganisha mbili hizo.

Kuisoma ndani ya mashine

Namba hii haikuandikwa nje tu. Imehifadhiwa pia katika kumbukumbu ya bodi kuu, yaani ubao wa ndani unaounganisha viungo vyote, na hapo hubaki hata karatasi ya nje ikibanduka.

Kwa mashine za Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika cmd, ubonyeze Enter, na katika dirisha jeusi litakalofunguka uandike amri hii:

wmic bios get serialnumber

Jibu litatokea katika mstari wa chini yake. Iwapo mashine ni ya Windows 11 ya matoleo ya karibuni, huenda ikajibu kwamba haiijui amri hiyo, kwa kuwa Microsoft imekwisha kuiacha. Hapo fungua programu iitwayo PowerShell kwa njia ile ile, uandike:

Get-CimInstance Win32_BIOS | Select-Object SerialNumber

Wengi hukosea hapa kwa kufungua ukurasa wa mipangilio unaoeleza habari za mashine na kunakili namba ndefu zilizoandikwa Device ID na Product ID. Hizo si namba za mashine, bali ni namba zinazohusu ule mfumo wa Windows uliowekwa ndani yake. Fundi akiufuta mfumo na kuweka mwingine, hizo zaweza kugeuka, na namba tambulishi itabaki kama ilivyokuwa.

Kwa mashine za Apple, bonyeza alama ya tufaha iliyo pembeni juu ya kiwambo, uchague About This Mac, na namba itaonekana miongoni mwa maelezo. Kwa mashine za Linux, fungua dirisha la amri, uandike sudo dmidecode -s system-serial-number, kisha utoe neno lako la siri. Kwa Chromebook, ukiwa bado kwenye ukurasa wa kuingilia, bonyeza Alt pamoja na V.

Ikiwa mashine huwaka lakini mfumo wake umeharibika, au neno la kuingilia halijulikani, bado ipo njia. Iwashe, na mara tu inapoanza kuwaka ubonyeze mara kwa mara kitufe cha kuingilia kwenye mipangilio ya awali, ambayo mafundi huiita bayosi: F2 kwa Dell, Acer na Asus, F10 kwa HP, F1 au F2 kwa Lenovo. Ukurasa wa kwanza wa mipangilio hiyo aghalabu huonyesha namba tambulishi. Isome, uiandike, utoke bila kubadili chochote.

Huenda ukaona, mahali pa namba, maneno To be filled by O.E.M. au Default string. Maana yake ni kwamba nafasi ya namba haikujazwa, ama kwa sababu kiwanda hakikuijaza, ama kwa sababu bodi kuu ilibadilishwa na aliyeibadilisha hakuirudisha namba ya asili. Kwa mashine ya namna hiyo, namba iliyo nje ndiyo ya kutegemewa, nayo ipigwe picha mapema kabla haijafutika.

Mashine isiyowaka, na mashine isiyokuwapo

Mashine iliyokufa kabisa husomwa kwa nje tu. Lakini mashine iliyoibwa, au iliyosahauliwa katika basi la Kahama, haipo kusomwa, na mwenyewe hubaki kuitafuta namba yake katika athari ilizoziacha. Atazame kwanza boksi lililokuja nayo, kwa kuwa ubavuni mwake hubandikwa karatasi yenye namba hiyo. Ndiyo sababu boksi lisitupwe wala kugawiwa watoto. Atazame pili stakabadhi na hati ya dhamana. Tatu, kama aliingia katika mashine ile kwa akaunti yake ya Microsoft, aingie katika akaunti hiyo kwa simu au kwa kompyuta nyingine, afungue orodha ya vifaa, na kwa mashine nyingi ataikuta namba katika maelezo yake. Na mwenye mashine ya Apple ataikuta vivyo hivyo katika orodha ya vifaa vya akaunti yake. Nne, ikiwa aliwahi kuipitisha katika geti la mgodi mkubwa au la ofisi ya Serikali, ambako mwenye kompyuta hutakiwa mara nyingi kuiandikisha namba yake, daftari la mlinzi huenda likawa shahidi asiyetarajiwa.

Vifaa vya umma vina sharti lake. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa walimu baadaye, na kompyuta za shule na za zahanati ni amana ya watu wote. Mkuu wa mahali hapo anapaswa kuwa na daftari lenye namba ya kila kifaa, jina la aliyekabidhiwa, tarehe na sahihi, ili uhamisho wa mtumishi usiwe mwanzo wa fumbo la mali iliyopotea.

Kwa mnunuzi wa mashine iliyotumika

Kompyuta nyingi zinazouzwa katika miji yetu zimekwisha kutumika ughaibuni, zikaletwa kwa njia ya Dubai au kutoka Uingereza na Marekani, na nyingine zimekwisha kupita kwa wamiliki wawili watatu hapa hapa nchini. Biashara hiyo ni halali na ina manufaa makubwa, kwa kuwa imempa kijana wa kipato kidogo chombo ambacho asingekipata kikiwa kipya. Lakini mnunuzi mwenye busara hatoi fedha kabla hajatenda mambo manne.

La kwanza, ailinganishe namba ya nje na namba ya ndani, na boksi likiwapo, ailinganishe na boksi pia. Zikitofautiana, tofauti hiyo si hukumu ya wizi, kwa sababu huenda bodi kuu ilibadilishwa katika matengenezo ya halali; bali ni swali ambalo muuzaji hana budi kulijibu. Karatasi iliyokwanguliwa kwa kisu, au chuma kilichosuguliwa mahali pa namba, ni jambo jingine. Hapo mnunuzi aiache mashine hata bei yake ikiwa nafuu namna gani, kwa maana Kanuni ya Adhabu humwajibisha si mwizi peke yake bali pia yule aliyepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa.

La pili, aingie katika tovuti ya mtengenezaji, aiandike namba, aone kama aina ya mashine inayotajwa huko ndiyo iliyo mbele yake, na kama bado ina dhamana. Utazamaji huo hulinda hata uhai: mwezi Juni 2019 Apple iliziita zirudishwe baadhi ya kompyuta za MacBook Pro za inchi 15, zilizouzwa zaidi kati ya Septemba 2015 na Februari 2017, kwa kuwa betri zake ziliweza kupata joto kali na kuwaka moto, na mwenye mashine alijua kama yake imo kwa kuiandika namba tambulishi. Mashine za aina hiyo zilipouzwa tena na kuvuka bahari, ilani ile haikusafiri pamoja nazo.

La tatu, ahakikishe kwamba mashine haijafungwa na mmiliki wake wa awali. Kampuni na shule za ughaibuni huandikisha namba za kompyuta zao katika mifumo ya kuziongoza kwa mbali, na mashine iliyouzwa bila kuondolewa humo, mara inapowekwa mfumo mpya na kuunganishwa na intaneti, humtaka mtumiaji ajitambulishe kwa kampuni asiyoijua. Muuzaji mwaminifu hatakataa kuiwasha upya na kuiunganisha na intaneti mbele yako.

La nne, adai stakabadhi. Mashine za risiti za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na duka lenye leseni halina udhuru. Na mnunuzi amwombe muuzaji aandike namba tambulishi kwenye hati ya dhamana, aweke mhuri na sahihi. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikeni karatasi mbili zilizo sawa, mbele ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, zenye majina yenu, namba za vitambulisho vyenu vya taifa, namba za simu, aina ya mashine, namba yake tambulishi, bei na tarehe. Muuzaji wa haki haoni karaha kwa hati ya namna hiyo, maana humlinda yeye pia, lau mashine aliyokwisha kuiuza itatumiwa vibaya na mwingine.

Kuihifadhi

Namba iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta yenyewe peke yake huibwa pamoja na kompyuta. Iandike katika daftari la nyumbani, mahali ziwekwapo hati za kiwanja na vyeti vya shule, ipige picha, ujitumie picha hiyo kwa barua pepe, na umpe nakala mtu mmoja unayemwamini, mke au mume, ndugu au mzazi. Usiitangaze ovyo, hasa katika picha za kuuzia mashine mitandaoni, kwa sababu laghai aweza kuitumia kujifanya mwenye mali mbele ya mtengenezaji.

Unapoipeleka mashine kwa fundi, iandike namba kwenye karatasi yake ya mapokezi kabla hujaondoka, na uisome tena siku ya kuichukua. Ukibadilishiwa bodi kuu, rekebisha daftari lako na ueleze sababu. Ukiiuza, mkabidhi mnunuzi hati zake, nawe uandike tarehe uliyoachana nayo. Ikiibwa, nenda kituo cha polisi bila kukawia, utoe maelezo yako pamoja na namba hiyo, uchukue namba ya RB, kisha uwapelekee namba tambulishi mafundi na wauzaji wa vifaa vilivyotumika wa Segese na wa Kahama, kwa sababu mashine iliyoibwa haina budi kumfikia mmoja wao, ama kufunguliwa neno lake la siri, ama kutafutiwa chaja, ama kuuzwa.

Mwenye mali nyingi akiibiwa kompyuta hununua nyingine, na baada ya mwezi amesahau. Mwalimu aliyekatwa mshahara miezi kadhaa kulipia mkopo wa mashine yake, au kijana aliyeinunua kwa jasho la karasha na duara, hana ya pili. Haki yake yote mbele ya polisi na mbele ya hakimu imo katika herufi na tarakimu chache ambazo huandikwa kwa dakika mbili na bila gharama yoyote. Basi ukimaliza kusoma hapa, ipindue mashine yako, uitafute namba hiyo, uiandike. Na ukimwona jirani ana kompyuta mpya, mwonyeshe naye namna ya kuipata ya kwake.